Fundi Sikio, Dada Yetu, na Neno Alilotaka Lisemwe Mbele ya Watu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofunga kazi leo mkaja kutushika mkono: poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule aliyemwachia ziwa. Kazi yangu ni kununua na kuuza fanicha kuukuu, kwa hiyo kupamba maneno sijui. Najua kusema kitu kikoje na kimepasuka wapi. Marehemu alinichagua mimi niandike wasifu wake kwa sababu hiyo hiyo.

Ameacha neno moja alilotaka lisemwe hapa, linalomhusu mtu aliyefukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake. Baadhi ya ndugu waliniomba nilipite kimya kimya. Sitalipita. Ila kila nyumba ina mlango wake, nasi tuingie kwa mlango.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1956, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, aliyekuwa fundi wa masanduku ya safari. Mama alikuwa na cherehani barazani, na alikuwa na msemo aliotuchosha nao: "Shona kama vile wewe ndiye utakayefumua." Sisi wengine tuliusikia kwa sikio hili ukatokea kwa lile. Dada aliushika, na kama mtakavyoona, aliufanyia kazi maisha yake yote.

Jina la Sikio alilipata akiwa na miaka saba au minane. Alikuwa na tabia ya kugonga kila kitu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: meza, mlango, sanduku la mteja. Siku moja alinigonga mimi utosini mbele ya wateja wa baba, akatulia kidogo, akatangaza: "Hiki kitupu." Kuna wazee wawili hapa leo ambao mpaka kesho wananiita Kitupu. Sikuwahi kulipiza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1963 hadi Novemba 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974. Alikuwa mzuri wa kuchora na wa kemia. Nafasi ya kuendelea haikupatikana. Januari 1975 alikwenda mwenyewe kwa seremala wa viti, mtaa wa pili kutoka kwetu, akaomba kazi. Yule seremala alimtazama juu mpaka chini.

"Binti, wa kufagia ninaye."

"Sikuja kufagia. Kile kiti chako cha dirishani kimepasuka mguu wa nyuma, kwa ndani. Hujakigonga."

Seremala akaenda akakigonga. Akarudi na kipande cha msasa, akampa. Dada alipiga msasa mwaka mzima kabla ya kushika randa, na alikaa pale miaka sita na nusu.

Tarehe 1 Septemba 1981 aliajiriwa katika jumba la makumbusho, kwanza kama msafishaji. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye kabati za vioo. Ndani ya kabati mbili kulikuwa na ala za nyuzi: fidla, udi, mazeze, vinubi, nyingine zina umri wa miaka mia mbili. Aliziona zilivyo, akaanza kuandika kwenye daftari la shule: hii shingo imeliwa, hii ina msumari, hii imebandikwa bati. Daftari lile ndilo lililomfanya apelekwe mafunzoni miaka miwili, 1984 hadi 1986. Tarehe 1 Februari 1987 alikabidhiwa karakana ya ala za muziki, yaani chumba cha mwisho koridoni chenye dirisha moja, meza mbili, taa ya shingo ndefu, na jiko dogo la umeme la kupikia gundi ya ngozi ya ng'ombe. Harufu ya ile gundi ilimfuata nyumbani miaka ishirini na tisa. Watoto wake walikuwa wanajua mama amefika kabla hajabisha hodi.

Wengi wenu mlidhani alikuwa anatengeneza ala ili zipigwe. Hapana. Alikuwa anazizuia zisife. Adui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni bungua, mdudu anayetoboa mbao kwa ndani na kuiacha ngozi tu, ukiishika inabonyea kama mkate. Wa pili ni mafundi waliotangulia. "Mdudu ana adabu," alikuwa akisema. "Akishiba anaondoka. Fundi mbaya hashibi." Alikuta fidla iliyopigiliwa msumari wa inchi tatu, na kinubi kilichounganishwa kwa gundi ya dukani iliyoganda kama jiwe, ambayo huwezi kuiondoa bila kung'oa mbao yenyewe. Yeye alitumia gundi ya ngozi tu, kwa sababu ukiipasha moto inaachia, na fundi atakayekuja baada yako ataweza kufumua ulichokosea.

Mbao za viraka alizipata kwangu. Alikuja dukani siku za Jumamosi, akapita moja kwa moja nyuma kwenye vipande vya kabati na miguu ya meza.

"Huo mguu usiuguse, dada. Mbao ya miaka themanini hiyo."

"Naona. Na miaka mitatu ya mwisho umeuacha kwenye mvua."

"Haya, taja."

"Sitaji. Wewe ndiye unayeniomba nikuondolee takataka."

Nimeshindana na wafanyabiashara wa kila namna, na sijawahi kumshinda huyu hata Jumamosi moja.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1983 na mwalimu wa hesabu, ambaye yupo hapa, na ndiye aliyeketi karibu na jeneza. Siku ya kwanza kutambulishwa kwa wakwe, alikaribishwa sebuleni, akaketi kwa heshima zote, kisha mkono ukamponyoka ukaligonga kabati la vyombo. Mama mkwe akauliza kulikoni. "Mama," akasema, "hili kabati lina wageni." Baba mkwe akafungua mlango wa chini, ubao ukabaki mkononi mwake kama biskuti. Bwana harusi aliwahi kuniambia kwamba pale pale aliamua asimwache. Walijaliwa binti mwaka 1987 na mwana mwaka 1990.

Sasa nafika kwenye lile neno. Naomba tusikilizane.

Tarehe 8 Aprili 1997 jumba lilipokea udi wa zamani kutoka kwa mjane wa mpiga udi. Ulikuwa mzuri, tumbo lake limeungwa kwa mbavu ishirini na moja za mbao za rangi mbili. Kwenye zile mbavu kulikuwa na matundu ya bungua ya siku nyingi, na fundi fulani wa zamani alikuwa ameyaziba. Kanuni ya karakana ilikuwa kwamba kila ala mpya ilale wiki tatu ndani ya friza kubwa ili mdudu afe kwa baridi. Friza ilikuwa imeharibika tangu Februari, na dada alikuwa ameandika barua mbili kuomba itengenezwe. Akatumia njia ya pili. Aliulaza ule udi juu ya karatasi nyeusi ndani ya chumba kisicho na upepo, siku thelathini. Mdudu akiwa hai, anakula, na unga wa mbao unadondoka kutoka kwenye matundu. Unga ni mweupe, karatasi ni nyeusi, hata asiye na macho mazuri anaona.

Siku thelathini zilipita, karatasi ikabaki nyeusi tii. Dada akasaini fomu: "Salama." Udi ukaingia stoo pamoja na ala nyingine.

Kosa lilikuwa kwenye kile kiraka cha zamani. Yale matundu yalizibwa kwa nta ya mshumaa iliyochanganywa na rangi ya viatu. Sisi wa fanicha kuukuu tunaijua dawa hiyo. Sitasema tumeitumia wapi. Inaziba tundu, inang'aa, mnunuzi haoni kitu. Mimi mwenyewe niliuona ule udi mezani kwake, nikauona ule mng'aro, nikanyamaza kwa kuwa haikuwa bidhaa yangu. Nta ikishaziba, unga hauna pa kutokea. Mdudu alikuwa ndani anakula, na karatasi haikuwa na habari.

Julai 1999 ilikutwa kwamba ala kumi na moja ndani ya stoo zimeliwa. Kinubi kimoja kilipoinuliwa kilibaki vipande viwili mikononi mwa mtu. Ulifanyika uchunguzi, na uchunguzi ulitaka mtu. Mtu alikuwa mtunza stoo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na miaka kumi na tisa ya kazi, na mlangoni pa stoo alikuwa na kigoda chake cha kukalia alichokileta kutoka nyumbani. Mguu mmoja wa kile kigoda ulikuwa na matundu matatu.

Tarehe 22 Oktoba 1999, saa nne asubuhi, wafanyakazi wote waliitwa uani. Mkuu wa jumba wa wakati ule, ambaye naye ametangulia, alikiinua kile kigoda akamuuliza dada mbele ya wote: "Fundi, hawa wadudu wanaweza kuwa walitoka humu?"

Dada akajibu neno moja: "Inawezekana."

Hakusema uongo. Wakati ule aliamini. Lakini hakukigonga, hakukiweka kwenye karatasi, hakuomba hata siku moja ya kukichunguza. Yeye aliyegonga kabati la wakwe. Mtunza stoo akasomewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe na kwa kuingiza mbao zenye wadudu. Yakaletwa mafuta ya taa, kigoda kikachomwa pale pale uani.

Machi 2000 dada aliuweka ule udi mezani aanze kuondoa viraka vya zamani. Alipasha kisu moto, akakipitisha juu ya ile nta. Nta ikayeyuka, na unga ukamwagika mezani, mwingi, mkavu, mpya. Akafungua tundu la pili, la tatu. Ndani kabisa ya tumbo la udi, nyuma ya karatasi ya jina la mtengenezaji, akakuta matundu mawili ambayo hayakuzibwa na mtu, wadudu walikotokea. Aliniambia kwamba aliweka kisu chini, akazima jiko, akakaa. Kisha akaandika ripoti ya kurasa mbili, akachora kila tundu, akaipeleka kwa mkuu.

"Nani mwingine ameisoma?" mkuu akauliza.

"Wewe tu."

"Basi iishie kwangu. Ukisema karakana ndiyo iliyoingiza wadudu, karakana inafungwa. Zile ala mia mbili na sita utampa nani? Yule mtu keshaondoka, ana mikono, atajitafutia. Hizi hazina mikono."

Dada akaichukua ripoti yake akarudi nayo nyumbani. Katika zile ala kumi na moja aliokoa tisa, kazi ya miaka mingi, na waliokuja kutoka mbali kuziona walimsifu sana. Sifa hizo mmezisoma kwenye magazeti, sina haja ya kuzirudia. Kuhusu mtunza stoo alinyamaza. Alinyamaza miaka kumi na sita, mpaka akastaafu Juni 2016 na kupewa cheti na saa ya ukutani.

Kuumwa kulianza na kikohozi mwaka 2015. Juni 2018 daktari alisema mapafu yamekakamaa. Inawezekana ni vumbi la mbao, inawezekana ni zile poda za sumu ambazo watunzaji wa zamani walikuwa wakinyunyizia ndani ya ala kuua wadudu. Dada alizipangusa kwa brashi miaka yake ya kwanza bila kitambaa puani, maana hakuna aliyemwambia. Daktari alisema hawezi kuapa.

Septemba mwaka ule ule alinipigia simu. "Njoo na pikapu. Nataka unifikishe kwa mtu."

Yule aliyekuwa mtunza stoo alikuwa anatengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake. Mtaani hawamwiti kwa jina. Wanamwita Kigoda, na watoto wakipita wanampigia kelele: "Kigoda! Wadudu hawajambo?" Alimtambua dada mara moja, lakini hakuinuka.

"Karibu, Fundi. Umekuja kujaza upepo?"

"Sina baiskeli."

"Basi umepotea njia."

Dada akamwomba waingie ndani. Waliketi jikoni, mimi nikasimama mlangoni. Alimweleza yote, kuanzia karatasi nyeusi hadi ripoti. Alikuwa anakata maneno kwa sababu ya pumzi. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza akamwambia, "Naomba unisamehe."

Mzee akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilifukuzwa uani," akasema. "Saa nne asubuhi, jua linawaka, watu arobaini na watatu wananitazama. Wewe msamaha unakuja kuniombea jikoni?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mke wangu amekufa mwaka elfu mbili na kumi na moja akijua ameolewa na mzembe. Hakuwahi kunitamkia, lakini nilikuwa namwona. Mimi sitaki machozi yako, Fundi. Kaseme palipo na watu."

Tuliporudi kwenye pikapu nilimwambia dada kwamba yule mzee ana roho ngumu. Akanijibu, "Amenitajia bei ya haki, na wewe unajua bei ya haki ikoje."

Aliandika barua kwa jumba la makumbusho mara tatu: 2018, 2019 na 2021. Aliomba wafanyakazi waitwe uani aseme mwenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba suala hilo lilihitimishwa mwaka 1999. Ya tatu ilijibiwa kwa kumtakia afya njema. Kufikia wakati huo alikuwa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi dirishani bila mashine ya hewa.

Mei mwaka huu aliniita, akanipa ripoti ya 2000 na daftari lake. "Utayasema kwenye mazishi yangu," akasema.

"Dada, mazishi si mahali pake."

"Niambie mahali pengine ambako watu wote watakuja na hakuna atakayenikatiza."

Nikajaribu kupunguza, ndiyo tabia yangu. Nikamwambia, sawa, nitasema kwamba kuna mahali ulikosea.

"Hapana. Sema nilinyamaza. Kukosea kulinikuta kazini. Kunyamaza nilikuchagua mwenyewe, nikakaa nako."

"Tuseme ulilazimishwa na mkuu."

"Mkuu alinilazimisha siku moja. Hizo nyingine zote zilikuwa zangu."

Sikupata hata senti ya punguzo. Nimeandika alivyosema.

Dada yetu alifariki tarehe 11 Agosti 2022, saa nne na dakika arobaini asubuhi, hospitalini, akiwa na miaka sitini na sita. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Siku nne za mwisho hakuweza kuzungumza, lakini aliandika kwenye karatasi, na karatasi ya mwisho aliandika: "Umeshaandika?" Nilimwitikia kwa kichwa kwamba tayari. Nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja. Usiku ule nilianza, na hilo nalo nimeona niliseme, maana siku ya leo si ya kuficha.

Tulipokutana kama familia tarehe 12, shangazi yetu alisimama. "Marehemu hasemwi, mwanangu. Ametumikia miaka thelathini na tano, unataka watu waondoke hapa na kosa lake moja tu mdomoni?" Shangazi anampenda sana marehemu na sikumlaumu. Mwingine akapendekeza nisome lakini isipigwe chapa. Mwingine akasema ipigwe chapa lakini isisomwe. Nilikuwa karibu kukubali moja kati ya hayo, maana mfanyabiashara akichoka huuza kwa hasara. Shemeji, mwalimu, alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Akasema:

"Nilijua kuna kitu kinamla. Miaka yote hiyo. Nilidhani ni mimi." Akanigeukia. "Andika, shemeji. Andika na usome."

Mjadala ukaisha pale.

Tarehe 13 nilikwenda kumwona mkurugenzi wa sasa wa jumba la makumbusho, ambaye mwaka 1999 alikuwa bado yuko shule na hana hatia yoyote katika jambo hili. Nilimpa wasifu huu ausome. Nikamwambia pameachwa nafasi ya mistari mitatu kuhusu jibu la ofisi, na mpiga chapa anasubiri hadi saa kumi: ataijaza yeye au niijaze mimi.

"Mzee, unanitisha?"

"Sikutishi, mwanangu. Nafunga biashara."

Aliniambia kufuta barua ya 1999 si uwezo wake peke yake, lazima bodi ikae. Hilo sikulipata. Nililopata ni hili: ripoti ya Machi 2000 imepokelewa tarehe 13 Agosti 2022, imegongwa mhuri, na imewekwa kwenye faili la mtunza stoo, juu ya barua ya kumfukuza. Nakala yenye mhuri ninayo. Na mkurugenzi ameahidi kuwepo hapa kusikia. Mistari yake mitatu ndiyo hiyo.

Jana asubuhi, kabla haijapigwa chapa, nilimpelekea yule mzee mtunza stoo mwenyewe. Ndiyo maana ratiba zenu zimechelewa na bado zinanuka wino. Alivaa miwani, akaniacha nimesimama, akasoma kuanzia juu hadi chini. Alipofika kwenye habari ya uani akaweka kidole.

"Hapa umeandika, yakaletwa mafuta ya taa. Nani aliyaleta?"

"Sijui, mzee."

"Mimi. Stoo ilikuwa yangu, ufunguo ulikuwa wangu. Nilitumwa mimi nikayalete. Liandike."

Nimeliandika. Yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kuleta mafuta ya kukichomea kigoda chake, akayaleta, akayakabidhi. Dada hakuniambia hilo. Labda hakuona, labda aliona likamshinda kutamka. Na ninyi miongoni mwa wale watu arobaini na watatu, mnaojijua na mko hapa leo: mtunza stoo hakuwa mzembe. Wadudu waliingia kwa saini ya karakana. Lile la kwanza mliliona na kulisikia wenyewe, sikieni na hili, na mkifika nyumbani waambieni watoto wenu wamwite mzee kwa jina lake.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, mkwe mmoja, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, shangazi yetu, wanafunzi watano aliowafundisha kazi, na ala mia mbili na nne ambazo bado zimesimama. Watoto wa mtunza stoo wako wanne, na marehemu aliomba nao watajwe hapa, wasijumlishwe katika wafiwa, ila wajulikane kuwa ni watoto wa mtu mwaminifu.

Kabla sijaondoka kwa mzee jana, nilimuuliza niandike nini kwa upande wake. Niliuliza kama naweza kuandika kwamba amemsamehe dada yetu. Alivua miwani, akaikunja, akanirudishia karatasi zangu.

"Andika kwamba nimesoma," akasema.

Amesoma.

Dada, lako limesemwa palipo na watu. Pumzika kwa amani.